Ziwa na Ukingo Wake: Tuliyojifunza Rwihinda na Cohoha



Mtu akiulizwa ziwa ni kitu gani, hujibu upesi kwamba ni maji mengi yaliyokaa mahali pamoja. Jibu hilo si baya, lakini ni kama kusema kwamba ng'ombe ni pembe. Ziwa lina mwanga wake, pumzi yake, chakula chake na magonjwa yake. Tena lina ukingo, na neno langu kubwa katika makala hii ni juu ya ukingo huo. Maana katika maziwa yetu madogo ya kaskazini ya Burundi, ukingo ndio unaolilisha ziwa, na ukingo huohuo ukiharibika ndio unaoliua.

Mwezi wa Oktoba, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha mara chache, sisi wanafunzi wa darasa la juu tulisafiri kwa lori kutoka Muyinga kwenda upande wa Kirundo, pamoja na mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Tulikaa siku tatu. Kazi yetu ilikuwa kujifunza jinsi viumbe wanavyoishi pamoja ndani ya ziwa na kandokando yake, elimu ambayo vitabu vya siku hizi huiita ikolojia. Huku kwetu Muyinga sisi ni watu wa vilima na mabonde. Maji yetu mengi hushukia mto Ruvubu, na ziwa hatuna. Basi yafaa nieleze mambo kwa utaratibu, ili hata yule ambaye hajapata kuona ziwa aweze kuyafuata.

Maziwa yenyewe

Nchi ile huitwa Bugesera. Zamani ilikuwa katika mkoa wa Kirundo. Tangu mipaka ya mikoa ilipobadilishwa mwaka 2025 imo katika mkoa wa Butanyerera, kama vile Muyinga yetu ilivyoingia katika mkoa wa Buhumuza. Huko yako maziwa kadha wa kadha: Rweru, Cohoha, Rwihinda, Kanzigiri, Gacamirindi na Narungazi. Rweru na Cohoha yamegawanywa na mpaka wa Burundi na Rwanda. Rwihinda limo lote ndani ya Burundi, na watu wengi hulijua kwa jina la ziwa la ndege.

Ukitazama ramani utaona jambo la ajabu. Ziwa Cohoha halina umbo la duara wala la yai. Limetawanyika kama mti wenye matawi mengi. Sababu yake ni hii: hapo zamani sana palikuwa na mabonde yenye vijito vilivyokwenda kuungana na mto mkubwa. Mto ule mkubwa ulileta udongo mwingi, ukaurundika katika midomo ya mabonde, na maji ya vijito yakakosa njia ya kutoka. Mabonde yakazama, nayo matawi yake ndiyo tuyaonayo leo.

Shika jambo hilo, maana lina faida mbele. Ziwa la duara lina maji mengi na ukingo mchache. Ziwa lenye matawi lina ukingo mrefu kupita kiasi cha maji yake, kwa hiyo karibu kila pembe ya maji ni jirani wa shamba la mtu.

Mwanga na pumzi ya ziwa

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kupima mwanga. Chombo chake ni rahisi sana, na aliyekianzisha ni padre. Mwaka 1865 Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Italia aliyekuwa bingwa wa elimu ya nyota, aliteremsha visahani vyeupe baharini kutoka katika meli ya Baba Mtakatifu, ili ajue jicho la mtu laweza kuviona mpaka kina gani. Tangu siku hizo wataalamu wa maji duniani kote hutumia kisahani cha Secchi. Chetu kilikuwa mfuniko wa sufuria uliopakwa rangi nyeupe, umefungwa jiwe chini yake, na kamba yenye fundo kila sentimita kumi. Mtu huinama juu ya mtumbwi, huteremsha mfuniko polepole, na unapopotea machoni huhesabu mafundo.

Kwa nini kupima mwanga? Kwa sababu chakula chote cha ziwa huanza na mwanga. Ndani ya maji huelea mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho tupu. Mwani huo hutumia nuru ya jua kujitengenezea chakula, kama vile jani la mhogo lifanyavyo shambani. Vidudu vya majini huula mwani. Samaki wadogo huwala vidudu. Samaki wakubwa huwala wadogo. Na juu yao wote yupo tai mvuvi, naye binadamu mwenye wavu. Maji yakijaa tope, mwanga haufiki chini, na mnyororo huu wote hupungukiwa tangu pete yake ya kwanza.

Jambo la pili ni pumzi. Samaki huvuta oksijeni iliyomo majini. Oksijeni hiyo hutoka mahali pawili: katika hewa inayogusa uso wa maji, na katika mimea na mwani wakati wa mchana. Usiku mimea na mwani havitoi oksijeni. Navyo huivuta kama sisi. Tena kila kitu kinachooza chini ya ziwa huimaliza oksijeni. Ndiyo maana ziwa lenye mwani mwingi mno huonekana tajiri mchana, lakini alfajiri samaki wake huja juu midomo wazi, wakitafuta pumzi.

Hapa yapasa kutofautisha ziwa la kina kikubwa na ziwa la kina kidogo. Ziwa Tanganyika, ambalo kila Mrundi hujivunia, lina kina cha mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal la Urusi. Maji yake ya juu ni ya moto kidogo, tena mepesi. Maji ya chini ni baridi na mazito. Hayachanganyiki kwa urahisi. Chini ya mita mia moja au mia mbili hivi hakuna oksijeni, wala samaki hawezi kuishi. Hata hivyo huko chini ndiko iliko akiba ya chakula, yaani mabaki yote yaliyozama. Kila mwaka, tangu mwezi wa Mei hadi Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu, na sehemu ya akiba ile hupanda. Mwani hula, na ndagala, ambao jirani zetu wa Tanzania huwaita dagaa, hunenepa, na mukeke hufuata nyuma yao. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamezidi kuwa na joto, hivyo kuchanganyika kumepungua na chakula cha samaki nacho kimepungua.

Maziwa ya Bugesera si hivyo. Ni mafupi kwa kina. Upepo wa alasiri na baridi ya usiku hutosha kuyachanganya. Hayana ghala kubwa chini. Chakula chao kingi huingia kwa mlango wa pembeni, yaani kutoka vilimani na mabondeni kupitia ukingoni. Kwa mfano wa nyumba, naweza kusema kwamba Tanganyika hula kutoka ghalani, na Cohoha hula kile kinacholetwa mlangoni siku kwa siku. Basi ni nani aliyesimama mlangoni?

Kazi ya mafunjo

Mlangoni husimama mafunjo, ambayo kwa Kirundi twayaita urufunzo. Ni majani marefu yapitayo urefu wa watu wawili, yenye kichwa kama ufagio wa kijani. Wamisri wa kale waliyatumia kutengeneza karatasi. Mizizi yake hufumana mpaka ikawa kama mkeka mnene, na mara nyingi mkeka huo huelea juu ya maji. Tulipoukanyaga, ulibonyea kama godoro, na wenzetu wawili walizama mpaka magotini.

Kazi za mafunjo ni nyingi, nami nitazitaja nne.

Kwanza, huchuja udongo. Maji ya mvua yanaposhuka mlimani huja na mbio, yamebeba udongo mwekundu. Yakiingia katika mafunjo hupoteza mbio zake, na udongo huanguka palepale. Maji yanayofika ziwani yawa yameacha mzigo wake nje.

Pili, hushika mbolea. Udongo ule umebeba fosforasi na naitrojeni, ambazo shambani ni baraka. Zikiingia ziwani kwa wingi, mwani huota kupita kiasi, kisha hufa na kuoza, na pumzi ya samaki huisha kama nilivyoeleza. Mafunjo hukua upesi sana, tena hula mbolea hiyo kwa wingi kabla haijafika majini.

Tatu, ni nyumba ya kulelea watoto. Ndani ya mafunjo mazito oksijeni ni kidogo, na samaki wakubwa walao wenzao hawapendi kuingia. Samaki wadogo wanaovumilia hali hiyo hujificha humo. Wataalamu waliochunguza ziwa Nabugabo la Uganda walikuta kwamba aina za samaki zilizomalizwa na sangara katika maji ya wazi zilikuwa zikiishi bado pembeni, katika vinamasi. Kambare naye hana taabu, kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu.

Nne, ni makao ya ndege. Tulimwona korongo mwenye taji, umusambi wetu, akitembea kwa maringo kati ya majani. Ndege huyu hujenga kiota chake katika vinamasi na hutafuta chakula katika nyasi za karibu. Kinamasi kikilimwa hukosa mahali pa kulala. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka duniani. Yuko pia ndege mmoja mweusi, mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu, aishiye katika mafunjo ya nchi zetu hizi za Maziwa Makuu. Mafunjo yakiisha, hana pengine pa kwenda.

Basi tulipima mwanga mahali pawili katika siku moja: mbele ya mafunjo mazima, na mbele ya bustani zilizolimwa mpaka majini. Mbele ya mafunjo, mfuniko wetu ulipotea katika fundo la sita. Mbele ya bustani ulipotea katika fundo la pili, na maji yalikuwa na rangi ya matofali. Tulitaka kushangilia kana kwamba tumekwisha kupata ushahidi, lakini mwalimu alituzuia. Alisema kipimo cha siku moja ni kama kumtazama mtu mara moja na kusema tabia yake. Yafaa kupima wakati wa mvua na wakati wa jua, asubuhi na jioni, mwaka huu na mwaka ujao. Neno hilo nitalirudia mwishoni.

Maneno ya mwenye bustani

Siku ya pili tulimkuta mama mmoja akipalilia viazi vitamu hatua chache tu kutoka majini, mahali ambapo vishina vya mafunjo yaliyokatwa vilikuwa vinaonekana bado. Tulimwamkia, naye akatukaribisha vizuri. Mwenzetu mmoja akamwuliza, "Mama, kwa nini walima hapa?"

Mama akaegemea jembe lake akasema, "Wanangu, mvua ikikosekana huko juu, maharage hukauka yakiwa na maua. Hapa chini udongo una maji hata wakati wa jua kali. Ninyi mnatazama mafunjo. Mimi namtazama mtoto aliyelala bila kula."

Hakusema kwa hasira, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata jibu pale pale. Nchi ile zamani ilisifiwa kuwa ghala la chakula la Burundi, hasa kwa maharage. Lakini tangu miaka ya 2000 ukame umerudi mara kwa mara, na njaa imewafanya watu kuacha nyumba zao kwenda kutafuta kazi mbali, hata ng'ambo ya mpaka.

Usiku ule tulikuwa na majadiliano makali. Mmoja wetu alishika sheria. Alisema sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 50 kandokando ya maziwa haya, na mita 150 kwa Tanganyika. Kwa hiyo anayelima ndani ya mita 50 aondoke, basi. Mwingine, ambaye jamaa zake hulima karibu na maji, alimjibu kwamba ni rahisi kupima mita 50 za mtu mwingine.

Tukaamua kufanya hesabu. Chukua ukingo wenye urefu wa mita 100. Zidisha kwa mita 50; utapata mita za mraba 5,000, yaani nusu hekta. Na jamaa nyingi za wakulima wa Burundi hazina shamba linalozidi nusu hekta. Maana yake, kila mita 100 za ukingo zikiachwa kwa mafunjo, ni kama shamba zima la jamaa moja limeachwa. Tena kumbukeni umbo la Cohoha na matawi yake: mita 100 hizo ni nyingi sana. Hesabu hiyo ilitunyamazisha sote wawili pande zote, maana ilionyesha ukubwa wa kinachohifadhiwa na ukubwa wa kinachoombwa.

Maoni yangu ni haya. Faida ya mafunjo huwaendea watu wengi: mvuvi, mchota maji, mnunuzi wa samaki sokoni, hata mtu wa mbali asiyejua jina la Cohoha. Lakini gharama yake humwangukia mtu mmoja, yule mwenye jembe ukingoni. Jambo ambalo faida yake ni ya wengi na gharama yake ni ya mmoja haliwezi kudumu. Mlinzi akiondoka, jembe hurudi usiku.

Mifano ya jirani zetu

Wengine watasema kwamba hizi ni habari za darasani. Basi tutazame nchi za jirani.

Katika Uganda, maji machafu ya mji wa Kampala hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, nao mji hupata maji yake ya kunywa katika ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba. Kinamasi hicho husafisha bila mashine na bila mshahara. Kadiri kinavyolimwa na kujengwa, ndivyo kazi ya kusafisha maji inavyokuwa ngumu na ghali.

Katika Rwanda ya kaskazini liko bonde la Rugezi, kinamasi kinachopeleka maji polepole katika maziwa ya Bulera na Ruhondo, ambako kuna mtambo wa umeme wa Ntaruka. Kinamasi kilikaushwa sehemu nyingi kwa ajili ya kilimo. Mvua zilipopungua na maji kutumiwa kwa wingi mtamboni, ziwa Bulera lilishuka sana, na miaka ya 2003 na 2004 nchi ikapata upungufu mkubwa wa umeme. Serikali ikazuia kilimo katika kinamasi, ikapanda nyasi na miti kandokando, na baada ya miaka michache maji yakarudi. Mfano huo watufundisha mambo mawili. La kwanza, ukingo ulioharibiwa waweza kupona. La pili, wakulima waliotolewa bondeni walipoteza mavuno yao, na wengi waliona uchungu mkubwa. Ni vema kulishika funzo la kwanza bila kulisahau la pili.

Tena maji hayajui mpaka. Maziwa ya Bugesera ni ya bonde la mto Kagera, na Kagera huingia Ziwa Victoria. Gugu maji, lile ua zuri la zambarau linalofunika maji kama blanketi, liliingia Ziwa Victoria kwa njia ya Kagera mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba bandari na njia za wavuvi kutoka Mwanza mpaka Kisumu. Gugu hilo hupenda maji yenye mbolea nyingi. Hivyo udongo unaotoka katika shamba la mlimani kwetu waweza kumpa taabu mvuvi ambaye hatutamwona kamwe.

Kwa ajili ya umuhimu wake, maziwa haya ya kaskazini na vinamasi vyake yaliandikwa mwaka 2013 katika orodha ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima, kufuatana na mapatano yaliyofanywa katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Ni heshima kubwa, lakini orodha haipalilii wala haipandi. Mikono ya watu ndiyo ipandayo.

Mambo yanayowezekana

Tulimwuliza mwalimu ni njia gani zinazoweza kumsaidia yule mama bila kuliua ziwa. Tulikusanya hizi.

Kwanza, kazi ianze mlimani. Majani ya malisho yakipandwa kwa mistari inayofuata kimo cha mlima, si kutoka juu kwenda chini, hushika udongo na maji, tena huwa chakula cha ng'ombe na mbuzi. Shamba la juu likishika maji, hamu ya kushuka ukingoni hupungua.

Pili, mafunjo yenyewe ni mali. Yakikatwa kwa zamu, juu ya shina, bila kung'olewa mizizi, huota tena baada ya miezi michache. Hutengenezwa mikeka, vikapu na dari za nyumba. Na kila mzigo unaokatwa na kuondolewa huondoa pia mbolea ambayo ingeingia majini.

Tatu, bustani ya wakati wa jua yaweza kuwa nje ya zile mita 50, kama maji yakipandishwa kwa ndoo au kwa pampu ya kukanyaga kwa miguu. Lakini pampu huuzwa, na yule mama hana fedha. Hapo ndipo chama cha ushirika, parokia, wilaya na sisi tuliosoma tunapopaswa kuingia. Kumwambia mtu "ondoka" ni neno moja. Kumwonyesha mahali pa kwenda ni kazi ya miaka.

Nawe msomaji, kama hujasadiki kazi ya majani, fanya jaribio hili nyumbani. Twaa chupa mbili kubwa za plastiki, ukate dirisha ubavuni mwa kila moja, uzilaze. Katika moja tia udongo mtupu. Katika ya pili tia udongo wa aina ile ile wenye nyasi zilizokwisha kushika mizizi. Ziinamishe kidogo, mdomo chini, uweke kikombe mbele ya kila mdomo. Mwagia kila moja maji ya kiasi kimoja, kama mvua. Kisha linganisha vikombe viwili. Wadogo zenu watafahamu katika dakika tano jambo ambalo mimi nimelieleza kwa kurasa nyingi.

Ombi kwa waliotutangulia

Sasa narudi kwenye lile neno la mwalimu, kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi. Tulipokaa kuandika taarifa yetu tulikuta pengo kubwa. Tulijua mafunjo yanaishia wapi leo, lakini hatukuwa na daftari la kutuonyesha yaliishia wapi miaka kumi, ishirini au arobaini iliyopita. Mtoto aliyezaliwa wakati ukingo umekwisha kulimwa hudhani kwamba ndivyo ulivyoumbwa. Hawezi kusikitikia kitu asichokijua, wala kukirudisha.

Lakini daftari hilo lipo, limo vichwani mwenu, ninyi mliosoma hapa zamani. Wengine mlizaliwa karibu na Rweru au Cohoha. Wengine mlivua kambare katika vijito vya Muyinga kabla ya kuja shule. Wengine mmefanya kazi ya ualimu, ukulima au uganga wa mifugo katika nchi ile. Twawaomba mtuandikie. Mtuambie jina la ziwa au kinamasi mlichokijua, na mwaka wenyewe. Mafunjo yalifika wapi, kwa alama isiyohama kama jiwe kubwa, kanisa au njia panda. Samaki gani waliuzwa sokoni na walikuwa wakubwa kiasi gani. Mwezi gani maji yalishuka, na kama umusambi alisikika akilia asubuhi. Hata mistari mitano yatosha.

Sisi kwa upande wetu tumeanza. Daftari moja limewekwa katika maktaba ya shule, na vipimo vyetu vya Oktoba vimo ndani, pamoja na ramani tuliyoichora kwa mkono. Kisahani chetu kimetundikwa ukutani karibu nalo, ili darasa litakalotufuata likitumie mahali palepale, kwa kamba ileile, na kuandika hesabu yake chini ya yetu. Barua zenu tutazinakili katika kurasa za mbele, kwa kuwa miaka yenu ndiyo ya kwanza.